Machungwa ya Mvita na Mafuta ya Kasa



Huku kwetu Kiunga, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, jua linapoelekea kuchwa na watu wanapotoka msikitini baada ya sala ya alasiri, wazee hukaa barazani, kahawa ikapita katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na mazungumzo, ambayo zamani yalianza na upepo na samaki na bei ya nguru, siku hizi aghalabu huanza na simu ya kijana mmoja aliyepokea sauti ya mtu asiyejulikana jina wala makazi, mwenye ufasaha mkubwa na utulivu wa mtu aliyesoma, akieleza kwamba maji yaliyolowekwa bamia usiku kucha huondosha maradhi ya sukari, au kwamba maji ya moto na ndimu kila alfajiri huyeyusha saratani, au kwamba kijiko cha habasoda na asali chatosha kushusha shinikizo la damu hata mgonjwa asihitaji tena kidonge. Sauti ile husikilizwa mpaka mwisho. Kisha hutumwa Faza, Kizingitini, Lamu, Mombasa, na kwa jamaa walioko Ghuba, na kabla ya magharibi huwa imeingia katika nyumba ambazo hapana mtu atakayeuliza ilitoka wapi.

Nimeomba nafasi hii jioni ya leo nizungumze juu ya madai ya namna hiyo, na kabla sijaenda mbali napenda ifahamike kwamba sikuja kukitia kasoro chakula cha kwetu. Bamia naila, chai ya tangawizi naipenda, hasa siku za kusi ambapo unyevu wa mvua huingia mpaka vyumbani, na kikopo cha habasoda hakikosekani nyumbani kwangu. Chakula ni neema, na mwenye kula vyema ameipa siha yake msingi mwema. Ninalolikusudia ni lile neno dogo linalotiwa baina ya chakula na maradhi, neno "huponya", ambalo mtu hulitamka kwa wepesi kana kwamba halina uzito, na ambalo mgonjwa akilishika hulipa gharama yake peke yake.

Nalikuwa na shangazi, Mungu amrehemu, aliyeishi na maradhi ya sukari kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo mingi alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni kwa utaratibu ule ule aliokuwa akisali kwao. Asubuhi moja niliingia kumwamkia, nikaona dirishani gudulia la kioo lililofunikwa kwa kawa, na ndani yake bamia zilizopasuliwa kwa urefu, maji yake yamekuwa mazito na yenye utelezi kama ute wa yai. Pakiti ya vidonge ilikuwa imefungwa katika karatasi ya kaki na kutiwa chini ya kanga, sandukuni.

"Shangazi, na vidonge je?" nikamwuliza.

"Nimevipumzisha, mwanangu. Vile vimetengenezwa na watu. Bamia imeumbwa na Mungu."

Nikamwambia kwa adabu aliyonilea nayo, "Na akili ya hao waliovitengeneza, shangazi, imeumbwa na nani?"

Akacheka, akanishika mkono, akanimiminia chai, na maneno yakaishia hapo, kwa kuwa sikuwa na moyo wa kumbishia mtu aliyenibeba mgongoni. Naijutia adabu ile mpaka leo. Haikutimia miezi minne kiu yake ikawa haikatiki, macho yakaingia ukungu, na kidonda kidogo alichokipata mguuni, alipochubuka kwenye mwamba akishuka pwani, kikakataa kufunga. Tukamlaza juu ya godoro ndani ya boti, tukamfunika turubai kwa ajili ya mawimbi, tukaenda Lamu kinyume cha upepo wa kusi, naye kila chombo kilipoanguka juu ya maji alikuwa akitaja jina la Mola wake na kuushika mguu wake kwa mikono miwili. Alirudi na uhai, lakini vidole viwili vya mguu hakurudi navyo. Na katika yote hayo hapana aliyemtendea uovu kwa kusudi: jirani aliyemletea bamia alimletea kwa mapenzi, na yule mwenye sauti ya simuni hakujua hata kwamba kuna mwanamke kama yeye duniani.

Sukari ya damu, wasikilizaji, ni jambo linalopimwa. Si jambo la kudhaniwa. Bamia ina nyuzi na utelezi ambao huweza kupunguza kasi ya sukari kuingia damuni baada ya mlo, na kwa hiyo ni mboga njema kwa mwenye maradhi haya, nami naisifu kwa sifa hiyo. Lakini baina ya mboga njema kwa mgonjwa na dawa inayosimama mahali pa dawa kuna bahari, na shangazi yangu aliivuka bahari hiyo kwa sababu hapana aliyemwambia kwamba ipo.

Asije mtu wa mjini akadhani kwamba watu wa huku huyashika madai haya kwa upungufu wa akili. Kutoka Kiunga hata Lamu mjini, kwenye hospitali kuu, ni zaidi ya kilomita 80 hata ungekwenda kama ndege arukavyo. Na chombo hakiendi kama ndege arukavyo, hupita baina ya visiwa na miamba, na kusi inaposhika, tangu mwezi wa Aprili hata Septemba, safari ya kwenda kusini huwa ni ya kumenyana na upepo. Njia ya nchi kavu hupita ukingoni mwa msitu wa Boni, nayo kwa miaka mingi imekuwa njia ya hofu kwa sababu ya mabomu yanayotegwa barabarani. Mtu aliye katika hali hiyo, mtoto wake akishikwa na homa usiku wa manane, hutazama kwanza kilichoko jikoni, na mimi nisingemlaumu, kwa kuwa nimefanya hivyo mwenyewe. Ila kwa sababu hii hii ya umbali naona kwamba anayewaambia watu wa Kiunga kwamba kitu fulani huponya amejitwika amana nzito kuliko anayemwambia hayo mtu wa Nairobi: yule wa Nairobi akikosea atapanda gari na kufika kwa tabibu kabla ya adhuhuri, na huyu wa kwetu atangoja boti, petroli, na bahari itulie.

Tuna desturi moja njema katika sheria yetu, nayo ni kwamba mbele ya kadhi mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ithibati. Mtu hawezi kusimama akasema, "Shamba hili ni langu," kisha akamtaka mwenziwe athibitishe kwamba si lake. Ataulizwa: mashahidi wako ni nani, walikuwako, waliona kwa macho yao au walisikia? Basi hushangaza kwamba sisi wenye kushika desturi hii katika shamba la minazi kumi huiacha katika roho ya mtu. Anayedai kwamba ndimu huyeyusha saratani hatumwulizi kitu, anayetia shaka ndiye anayeulizwa, "Wewe una hakika gani kwamba haiyeyushi?"

Na ushahidi wa macho, hata wa watu wakweli, waweza kukosa, tena katika jambo la tiba hukosa mara nyingi. Mfano ulio karibu nasi kabisa ni wa Mombasa. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu za Wareno chini ya Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Mvita, yaani mji huo wa Mombasa, na ndani yake walikuwamo wagonjwa wa kiseyeye, maradhi ya ufizi kuvimba na kutoka damu na viungo kulegea, yanayowapata watu waliokaa baharini miezi mingi bila ya matunda wala mboga. Mfalme wa Mvita, pamoja na uadui uliokuwa baina yao, aliwapelekea kondoo, na miwa, na machungwa na malimau kwa wingi. Wagonjwa wakapata nafuu. Na mwandishi mmoja wa safari ile, mtu aliyekuwapo na kuona kwa macho yake, akaandika katika daftari lake kwamba walipona kwa rehema ya Mungu na kwa sababu hewa ya mji ule ni njema.

Tafakarini jambo hilo. Dawa ilikuwa mikononi mwao, maganda yake yametupwa juu ya sitaha, na sifa ikapewa hewa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Januari 1499, walirudi kutoka Bara Hindi baada ya safari ya karibu miezi mitatu iliyowaua watu wengi, wakaikuta pwani upande wa Mogadishu, wakashuka kwa kaskazi mbele ya fukwe hizi hizi za kwetu wakielekea Malindi, na walipofika huko wagonjwa wakatamani machungwa, na machungwa wakaletewa. Lakini wengi walikwisha kuzidiwa, wakafa, na safari hii daftari likailaumu hewa. Hewa iliponya na hewa ikaua. Mwandishi yule hakuwa mwongo. Aliandika kwa ikhlasi alichokiona. Alichokikosa ni njia ya kutenganisha sababu moja na nyingine.

Njia hiyo iliwachukua wazungu karibu miaka mingine 250. Mwaka 1747 tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, jina lake James Lind, katika meli ya Salisbury, aliwachagua mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye waliofanana hali, akawalaza mahali pamoja, akawalisha chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili na kila wawili akawapa kitu mbali. Wawili walipewa tindikali iliyozimuliwa, wawili siki, wawili maji ya bahari, wawili kinywaji cha matofaa, wawili mchanganyiko wa kitunguu thomu na haradali na viungo vinginevyo, na wawili machungwa mawili na limau moja kila siku. Kila kimoja cha vitu hivyo kilikuwa na watu waliokiapia. Siku ya sita mmoja wa wale waliokula machungwa alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenziwe akawekwa awauguze waliosalia. Siki haikuwafaa wagonjwa wake, wala maji ya bahari, wala kitunguu thomu. Nayataja haya kwa urefu kwa sababu siki na kitunguu thomu ndivyo vile vile tunavyotumiwa katika simu zetu leo, kwa maradhi mengine na kwa kiapo kile kile.

Wala elimu hii ya kulinganisha haikuzaliwa Uingereza. Tabibu Abu Bakr al-Razi, miaka zaidi ya 800 kabla ya Lind, aliandika juu ya wagonjwa wa uvimbe wa utando wa ubongo ambao wengine aliwatoa damu na wengine aliwaacha kwa makusudi, apate kujua kama kutoa damu kuna faida. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika kitabu chake cha tiba, Qanun, masharti ya kuijaribu dawa: ijaribiwe katika maradhi mamoja yasiyochanganyika na mengine, ulinganishwe wakati wa kuitumia na wakati wa kuonekana athari yake, athari hiyo ionekane daima au katika wengi, kwa kuwa jambo likitokea mara moja yamkini limetokea kwa nasibu, na ijaribiwe katika mwili wa mwanadamu, kwa kuwa linalothibiti katika simba au farasi halijathibiti katika mtu. Karibu miaka elfu imepita. Kwa sharti lile la mwisho peke yake, yangeanguka madai mengi tunayoletewa kwa jina la utafiti, na kumbe yaliyochunguzwa ni panya.

Sasa niruhusuni nije kwenye jambo la kwetu hasa, ambalo baadhi ya ndugu zangu hawatapenda nilitaje redioni, nalo ni kasa.

Sisi Wabajuni wa pwani hii ni watu wa kasa tangu jadi. Wazee wetu walimjua kwa werevu wa ajabu: walimfuga chazo, yule samaki mwenye kubandika kichwa chake juu ya viumbe wakubwa wa bahari, wakamfunga uzi mkiani, wakamwachia majini, naye akaenda akajibandika juu ya kasa, na mvuvi akavuta uzi pole pole mpaka kasa akafika ubavuni mwa chombo. Nyama yake ililiwa, na mafuta yake yakatiwa chupani yakawekwa kuwa dawa: dawa ya pumu, dawa ya kifua cha mtoto, na kwa wanaume dawa ya nguvu. Tangu mwaka 1979 bahari hii ya Kiunga imekuwa hifadhi ya taifa, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa pwani yote ya Kenya, lakini chupa bado zinapita mkono kwa mkono, na mwenye chupa haambii watu kwamba anauza mafuta. Anasema anauza pumzi.

Pumu, mabibi na mabwana, ni maradhi yenye kuja na kwenda. Humbana mtu leo mpaka akainama dirishani kutafuta hewa, na kesho kutwa, hata asipopewa kitu, huenda akalala usingizi mwema. Basi mzazi ampaye mtoto mafuta ya kasa usiku wa shida, asubuhi akamwona anacheza, ameona kweli mtoto anacheza, na wala hasemi uongo anapowahadithia majirani. Naye yule ambaye mtoto wake hakuamka haendi barazani kuhadithia, na marehemu hatumi sauti katika simu. Hivyo ndivyo ushahidi wa upande mmoja unavyojengeka nyumba kwa nyumba, kizazi kwa kizazi, pasipo mtu hata mmoja kudhamiria udanganyifu. Hapana ithibati ya kitabibu kwamba mafuta ya kasa yanafungua njia ya pumzi. Dawa ya kuvuta kwa kinywa inafungua, na hilo limepimwa.

Kutokufaa peke yake kungekuwa jambo dogo; kasa ana hatari iliyo kubwa zaidi. Mwezi wa Novemba mwaka 2021, kisiwani Pemba, watu saba walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na miongoni mwao mtoto wa miaka mitatu. Mwezi wa Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba hiyo hiyo, walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto wale, na watu 78 wakapelekwa hospitali. Sumu hiyo yadhaniwa hutoka katika vitu anavyovila kasa baharini. Haionekani kwa macho, haina ladha ya kumwonya mtu, moto wa jikoni hauiondoi hata nyama ichemshwe kutwa, na haina dawa ya kuiondosha mwilini. Mama anyonyeshaye akila kasa, sumu huweza kumfikia mtoto kwa maziwa. Kasa mia huliwa pasipo madhara, na wa mia na moja akaangamiza ukoo. Watu wa Panza ni watu wa bahari kama sisi, wenye lugha yetu na dini yetu na sufuria kama zetu, na hawakuwa na elimu ya kasa pungufu kuliko ya kwetu.

Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya visiwani, na kwamba mkumbo wa namna hii hauwapati watu wengi kwa mara moja. Lakini mwaka 2011 Afrika Mashariki nzima ilikwenda Loliondo. Mchungaji mstaafu, Ambilikile Mwasapila, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, kaskazini ya Tanzania, alitoa kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa mizizi ya mti wa mugariga kwa shilingi 500 za Tanzania, na ikasemwa kwamba kikombe kimoja chatosha kwa sukari, saratani, pumu na UKIMWI. Bei ile ilionyesha kwamba hakuwa mtu wa tamaa, na watu wakaichukua kuwa ni hoja, ilhali uaminifu wa mtoaji hauupi mti nguvu usiyokuwa nayo. Magari yalipanga msururu wa kilomita nyingi. Wapo waliofia njiani wakiwa wametolewa vitandani hospitalini. Wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, na virusi havikuwaacha. Naye mwenyewe alifariki mwaka 2021, na maradhi yale manne yangali nasi.

Nimesema nina habasoda nyumbani, na lazima nilifafanue hilo, kwa maana juu ya habasoda kuna hadithi mashuhuri isemayo kwamba ni ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti, nami ni Mwislamu na siichezei. Lakini wanavyuoni wa kale, akiwamo al-Khattabi, waliyaeleza maneno ya hadithi ile kuwa ni ya jumla yenye kukusudiwa mahususi, yaani kwa maradhi ambayo tabia ya mbegu ile huyafaa. Na tumeamrishwa kujitibu, na kujitibu ni pamoja na kumwendea ajuaye. Mwenye kuibandika hadithi juu ya chupa, akaandika bei chini yake na kumwambia mgonjwa atupe vidonge vyake, anaitumia dini kufunga mlango wa maswali ya mnunuzi, na mnunuzi hunyamaza kwa kuchelea kuonekana ana upungufu wa imani. Hilo mimi naliona ni dhulma. Sheria ya Kenya ya vyakula na dawa, Sura ya 254, inakataza kukitangaza chakula kwa namna ya kuwapotosha watu juu ya thamani yake, lakini mkono wa sheria kufika Kiunga huwa na shida zile zile za boti na upepo.

Yamkini mmoja wenu atasema, "Bwana huyu amekwisha kuvikataa vyote vya jikoni na vya shambani." La, sivyo. Dawa bora ya malaria iliyopo leo imetoka katika jani la jamii ya pakanga, lililotajwa katika vitabu vya kale vya China. Na Tu Youyou, mwanamke aliyeitoa nguvu ya jani lile kwa kuchunguza na kushindwa na kuchunguza tena, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Alikuta kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu nguvu ile, na chai ya jani hilo haisimami mahali pa vidonge.

Na upo mfano mwingine ambao naupenda kuliko yote, kwa sababu vitu vyake vimo katika kila nyumba ya Kiunga. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa katika kambi ya Bangaon, India, na kipindupindu kikawaingia. Maji ya kutia mishipani yalipokwisha, Dakta Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji yaliyotiwa chumvi na sukari kwa vipimo, na vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hata chini ya 4. Chumvi, sukari, maji! Wala hakubahatisha: wataalamu walikwisha kugundua kabla yake kwamba sukari huisaidia chumvi kupenya katika utumbo, na maji yakafuata. Ukitaka kujua kipimo kina thamani gani, tazama Nigeria mwaka 2014, ambako uvumi ulienea katika simu kwamba maji ya chumvi hukinga Ebola, na Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba watu wasiopungua wawili wamekufa kwa kuyanywa. Chumvi ni ile ile. Kilichotofautiana ni kwamba Bangaon ilipimwa na kujaribiwa, na Nigeria ilisikiwa tu.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Mwenye vidonge vya sukari, au vya shinikizo la damu, au vya kifafa, au vya UKIMWI, na ale bamia yake na anywe chai yake ya tangawizi, lakini asikiache kidonge hata kimoja kabla ya kumwuliza muuguzi wa kituo. Mwenye mzazi mzee nyumbani na aingie chumbani mwake kesho asubuhi, atazame kwa macho yake kama dawa zinamezwa au zimepumzishwa sandukuni, na asinyamaze kwa adabu kama nilivyonyamaza mimi. Mwenye chupa ya mafuta ya kasa asimpe mtoto. Na mwenye kupokea sauti katika simu isiyo na jina la msemaji, isiyo na mashahidi, isiyosema ni wagonjwa wangapi waliojaribiwa na wangapi hawakupona, na aiache ifie mkononi mwake.

Na kina mama wa Kiunga, Ishakani, Mkokoni na Kiwayu, shikeni hili la mwisho, kwa kuwa hili limethibiti: mtoto akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, chumvi isizidi hapo. Mnywesheni kidogo kidogo baada ya kila choo, mwenye kunyonya aendelee kunyonya, na mwambieni mwenye boti atayarishe chombo.